Kofia ya Ishirini Ukutani

Kwa nini watu wenye akili timamu watundike ukutani kofia kumi na tisa zilizotobolewa kama chujio, kisha wazitazame kwa heshima? Hadithi hii inaanza swali hilo likiwa halina jibu. Gakii, aliyepaswa kulijibu kuliko wote, alikuwa hajatambua hata kwamba ni swali.

Alikuwa mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu, msichana wa Kimeru aliyeamini kwa dhati kwamba kila kundi la watu, liwe dogo namna gani, lina haki ya kuandikiwa historia yake. Ndiyo maana Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alijikuta katika stesheni ya Campbelltown, pembezoni mwa jiji la Sydney, baada ya safari ndefu ya treni kutoka Doonside, akisukumwa huku na huku na wauguzi waliotoka zamu na akina mama wenye vigari vya watoto, huku akimlalamikia dada yake kwa simu.

"Dada Jacky, nimepotea! Ndiyo, klabu ya shabaha. Wanarusha visahani vya udongo hewani na kuvipasua kwa bunduki. Wanatimiza miaka sabini mwezi wa tisa, wanataka mtu awaandikie historia yao. Hapana, dada, sitapigwa risasi!"

"Hutapigwa," ilisema sauti nyuma yake, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Labda urushwe juu."

Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likapigika, juu yake kizibao chenye mifuko mikubwa, na shingoni viziba masikio vya rangi ya chungwa.

"Nawe ni nani, msikilizaji wa simu za watu?"

"Yazid, wa Tanga. Wewe ni wa Meru."

"Umejuaje?"

"Kiswahili chako kinapanda mlima."

"Na chako kinatembea kama mtu aliye likizo!"

Yazid alicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Twende, bibie. Basi la klabuni ndilo lile, na mimi naenda huko huko."

Siku hiyo Gakii aliona kwa macho yake. Wapigaji watano walijipanga katika vituo vitano, mikalitusi ikiwa nyuma ya uwanja na kasuku weupe wakizozana matawini. Kila mpigaji alipotamka neno lake, chombo kilinasa sauti na mtambo ukatema kisahani kwa kasi ya ndege aliyeshtuliwa. Wengine waliita kwa Kiingereza. Yazid, fundi umeme wa karakana moja ya Minto, aliita "Haya!" Bunduki ikanguruma, kisahani kikageuka vumbi, na moyo wa Gakii nao ukaruka usijue pa kutua.

Alirudi kila Jumamosi. Ndani ya nyumba ya klabu, iliyonukia baruti na chai, alisoma mihutasari ya mikutano, vitabu kumi na vinne: jinsi wafanyakazi wa reli na wakulima wa matunda walivyoianzisha klabu, jinsi moto wa msituni ulivyoteketeza kibanda cha kwanza, nani alitwaa kikombe gani. Zile kofia kuukuu zilizojaa vumbi ukutani alizipita tu. Gakii alikuwa mtu wa karatasi.

Mwezi wa tano, wakiokota maganda ya risasi baada ya mashindano, Yazid alisema bila utangulizi, "Gakii, nataka kukuoa."

"Nitakujibu kwa mikono yangu. Subiri."

Akaenda kwa Mama Suad, jirani yake wa Doonside aliyetoka Mombasa. "Kwetu, mwanangu," Mama Suad alimwambia akimpa sindano, "mwanamke akimshonea mwanamume kofia, maneno yamekwisha." Kwa miezi minne Gakii alishona, kitobo kwa kitobo, vidole vikiuma, mpaka kofia nyeupe ikajaa maua madogo ya uzi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa alimkabidhi uwanjani. Yazid aliishika kama mtu aliyepewa yai.

"Hili ndilo jibu?"

"Ivae. Tutazungumza ukimaliza raundi."

"Nimeshalisikia, mpenzi!"

Gakii akaingia ndani kupanga karatasi, mashavu yakimwaka. Nje milio ilifuatana: Haya! Haya! Kisha zikazuka kelele na vifijo. Alitoka barazani wakati uleule mkono wa Bwana Maxwell, mwenyekiti mzee wa klabu, uliporusha kitu cheupe angani. Bunduki nne zikalipuka. Kofia iliruka, ikajikunja, ikaanguka nyasini kama njiwa.

Na Yazid alikuwa akicheka, mikono juu.

Simu yake ilimkuta Gakii ndani ya treni.

"Gakii, roho yangu, umekwenda wapi?"

"Nimekwenda ambako jibu la mtu halipigwi marisau."

"Nisikilize kwanza..."

"Ulicheka, Yazid!" Akakata.

Nyumbani, Jacky, aliyekuwa bado na sare yake ya uuguzi, alimfungulia mlango. "Nilikwambia. Mtu wa bunduki ni wa bunduki."

"Bunduki nimeisamehe, dada. Kicheko ndicho sikisamehi."

Wiki nzima hakupokea simu. Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyokuwa sherehe ya miaka sabini. Gakii alifika mapema pamoja na Jacky, akiwa ameamua mambo mawili: kurudisha vitabu, na kuondoka na kofia yake, hata ikiwa matambara.

Aliikuta ukutani, ya ishirini. Chini yake palikuwa na kibao kipya: *Yazid Vuai. Visahani 25 kati ya 25. Imeshonwa na Gakii wa Doonside.*

Akafuta vumbi la kibao cha jirani. Kofia ya sufu: Mwitalia, 1963, visahani 25 kati ya 25. Akafuta kingine. Kofia ya majani: Mmalta. Kingine. Kingine.

"Bwana Maxwell! Hizi kofia..."

"Mtu akipasua vyote ishirini na vitano kwa mara ya kwanza," mzee alijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu, "wenzake huirusha kofia aliyovaa na kuipiga. Kisha inakaa hapa daima. Mimi yangu niliisubiri miaka kumi na mmoja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliniuliza mihutasari, binti. Kofia hukuziuliza." Akashusha sauti. "Siku ile nilimvulia kofia kuukuu niliyokuwa nimevaa, aitoe badala ya yake. Alikataa. Alisema siku yake kubwa kuliko zote amevaa hii, kwa hiyo ni hii itakayokaa."

Yazid alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi, macho mekundu.

"Kosa ni langu," alisema. "Kofia ilikuwa yangu, lakini jibu lilikuwa la wawili. Ningekuita kwanza."

"Na mimi nimesoma vitabu kumi na vinne nikashindwa kuuliza ukuta." Gakii alicheka huku akilia. "Mwanahistoria gani huyu?"

"Wangu, kama bado yupo. Utanishonea nyingine?"

"Miezi minne tena? Safari hii utashona wewe. Mimi nitakushikia uzi."

"Nitajidunga!"

"Jidunge. Utajua bei ya kitobo kimoja."

Adhuhuri, mbele ya meza ndefu za nyama choma na keki, Gakii alisimama kusoma historia aliyoiandika. Alizitazama kurasa chache, akaifunga, akaanzia kwenye kofia. Aliwataja wenyewe mmoja mmoja, watu waliofika Sydney kutoka kila pembe ya dunia wakavua vichwani mwao kitu cha kutundikwa. Wazee walipiga meza kwa viganja. Alipofika ya ishirini, akamtazama Jacky moja kwa moja, kisha wote.

"Hii niliishona mimi, nayo ilikuwa jibu. Dada yangu, Bwana Maxwell, na ninyi nyote, nalisema sasa kwa mdomo: nitaolewa na Yazid."