Ndege Aliyeita Kitinda

Mambo yaliharibikia kwenye mlio wa shorewanda. Mtafiti mwenyewe, mwanamke mwenye shahada tatu na kikombe kimoja tu kabatini, alikuwa akichunguza jinsi ndege wa mjini wanavyobadili milio yao ili wasizidiwe na kelele za magari. Asubuhi alitega kinasa sauti juu ya paa, mchana akakisikiliza ofisini peke yake. Simu yake haikuisha chaji kamwe; nani ampigie?

Jumatatu, ndege mmoja alilia vipande vitatu badala ya viwili. Akafurahi, akaandika. Jumatano kipande cha mwisho kilikuwa na pumzi ndani yake, na ofisi ikanuka udongo uliolowa, ilhali nje jua linachoma. Ijumaa ndege yule akatamka, kwa sauti ya marehemu mama yake: "Kitinda." Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo.

Hata mtoto wa chekechea anajua: ukiitwa na usiyemwona, funga domo. Msomi wetu akaitikia, "Abee, mama." Kesho yake akaitwa tena, akaitikia tena, na safari hii sauti haikutoka kwenye kinasa, ilitoka nyuma ya kiti chake.

Mfagizi wa ofisi, ambaye jioni ni mganga maana mshahara mmoja hautoshi, alimkuta akizungumza na ukuta. Akanusa, akaweka ufagio chini.

"Hili ni zimwi la porini, mwanangu, na pori lake limejengwa maghorofa," alinong'ona. "Limejaribu sauti moja baada ya nyingine mpaka likaipata ile unayoifungulia mlango."

"Kama ndege wangu."

"Ndege wako wanatafuta wachumba. Hili linatafuta nyumba. Umeitikia mara mbili. Ya tatu, nyumba ni wewe. Siku saba usiitikie."

Akafukiza ubani, akaondoka.

Likamwita bafuni, likamwita ngazini, likamwita likilia kama mama alivyolia wodini siku ya mwisho, naye akauma kitambaa mpaka fizi zikatoka damu, akahesabu magari, akahesabu vigae, hajibu. Siku ya sita likanyamaza. Mfagizi akacheka, akasema linakufa njaa, bado siku moja tu.

Siku ya saba, mchana, ofisi ilikuwa safi na kimya. Kinasa kilitoa shorewanda watupu, vipande viwiliviwili. Alisubiri mpaka saa kumi, akakizima, akakigeuza kiti chake kikaelekea mlangoni, akasema polepole, bila kuitwa na yeyote:

"Abee."