Nishikilieni Mlango

Shangazi alinipa kidumu cha mafuta ya taa jua likizama, akaniambia niwahi kurudi. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Livingstone, na Kyela mwezi wa nne wingu likikaa hivyo, usibishane nalo.

Sikwenda dukani moja kwa moja. Nilipitia kwa Aliko.

Aliko alikuwa mfanyabiashara wa kuvusha bidhaa kati ya Karonga na Kasumulu. Mwaka ule, 2006, alitenga chumba kimoja nyuma ya ghala lake la mchele, akaweka kompyuta nne na dishi la intaneti juu ya bati. Humo ndimo nilimopata marafiki. Mimi ni mtoto wa Ikombe, kwa wafinyanzi wa vyungu, na darasani walinicheka kila nilipofungua mdomo kwa sababu ya lafudhi yangu ya Kikisi. Kwenye mchezo hakuna anayesikia lafudhi. Kuna jina lako tu kwenye kioo. LUSUNGU.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyumba kubwa yenye milango mizito inayojifunga. Mmoja anashikilia mlango, wenzake wanapita. Wakishavuka, mmoja wao anageuka na kumshikilia yule aliyebaki. Wasipomshikilia, anafungiwa, na anawasikia wakienda zao. Asifiwe ndiye aliyegeuka kunishikilia mara ya kwanza kabisa, nilipokuwa sijui hata kubonyeza. Kesho yake darasani akasogeza begi lake, nikakaa naye. Nancy na Reubeni wakafuata. Tukawa wanne.

Jioni ile niliwakuta wote watatu. Mvua ikaanguka kabla sijakaa vizuri. Aliko alisimama, akasema anakimbilia kufunika magunia, tusiguse dishi. Akaurudishia mlango nyuma yake.

Tukaingia kwenye nyumba. Watu wa mbali nao waliweza kuingia, wa Mbeya, wa Dar, hata wazungu. Kwa hiyo jina la tano lilipotokea pembeni ya kioo, hakuna aliyeshtuka.

Mpaka Reubeni alipolisoma.

HEBRONI.

Hebroni alikuwa mwanafunzi mwenzao. Mimi sikumkuta. Alikufa mwaka mmoja kabla sijahamia, kwa homa ya usiku mmoja, akazikwa kwao Bujonde.

"Kuna mtu anatuchezea," Nancy alisema.

Maandishi yakatokea, salamu ya huku.

*Ugonile, Asifiwe.*

Asifiwe aliandika kwa vidole vya polepole. *Wewe nani?*

*Wewe ulikuwa unaniita Kambale. Nani mwingine anajua?*

Asifiwe alitoa mikono kwenye kompyuta. Alitutazama. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Sikuwahi kumwita hivyo mbele za watu," alinong'ona.

Reubeni alikuwa ameinama. "Nililibeba jeneza lake," alisema. "Lilikuwa jepesi. Baba alinikanyaga mguu ninyamaze."

Hakuhitaji kumaliza. Kila mtoto wa huku anajua habari ya mgomba. Wachawi wanamchukua mtu, wanaacha gogo la mgomba mahali pake, ninyi mnaliona ni maiti, mnalilia na kulizika. Mwenyewe yuko shambani kwa mtu, analima.

Asifiwe akaandika, *Uko wapi?*

*Ndani. Tuko wengi. Tunatolewa giza likiingia, tunapalilia kakao. Nimechoka.*

Kisha...

*Nishikilieni mlango.*

Harufu ilianza hapo. Harufu ya kakao iliyovundikwa, ile chachu inayokwama kooni. Ghala la Aliko lilikuwa la mchele. Hapakuwa na kakao hapo.

"Tuondoke," nilisema.

Reubeni alikwenda mlangoni, akasukuma. Haufunguki. Akasukuma kwa bega. Mbao zilinyumbuka kidogo, zikarudi, kama vile kwa nje kuna mtu ameegemea.

"Mvua imeuvimbisha," alisema. Sauti yake haikuamini. Dirisha lilikuwa na nondo.

Nilipogeuka, Asifiwe alikuwa tayari ameingia kwenye chumba cha mwisho cha nyumba ile. Ameushika mlango.

"Asifiwe, acha," nilimwambia.

"Ingekuwa ni wewe je?" alinijibu bila kunitazama.

Tuliona kivuli cha mchezaji kikitoka gizani. Kilichechemea. Kikapita mbele yake, kikavuka.

Umeme ukakatika.

Kompyuta zetu tatu zilizima. Ya Asifiwe peke yake ndiyo iliyokuwa kwenye betri ya akiba pamoja na dishi, ikabaki inawaka, na uso wake ukawa wa bluu. Yeye yuko upande wa ndani. Sisi hatupo tena kwenye nyumba ile. Aliyebaki upande wa nje ni mmoja tu.

Akaandika, *Nishikilie na mimi.*

Mvua juu ya bati.

*Nishikilie, Hebroni.*

*Nisamehe. Nimeshatoka, siwezi kuugusa mlango tena.*

Mlango wa kwenye mchezo ukaanza kujifunga taratibu. Asifiwe alibonyeza, akabonyeza. Ukajifunga.

Hapo ndipo tuliposikia hatua nje, kwenye tope. Hatua nyingi, zisizo na haraka. Zikasimama.

"Hodi."

Nilipumua. Niliijua ile sauti. Ilikuwa ya shangazi yangu.

"Hodi hapa. Lusungu yumo?"

Asifiwe aligeuka kutoka kwenye kioo, uso umejaa faraja. Nyuma ya kichwa chake maandishi yalitokea, nami nikayasoma.

*Akibisha msiitike.*

Nilinyoosha mkono kumziba mdomo. Nilichelewa.

"Yumo, shangazi," Asifiwe alisema kwa adabu. "Karibu."

Hakuingia mtu.

Betri ikaisha. Tulikaa gizani tumeshikana mikono. Mkono wa Asifiwe ulikuwa wa baridi, na haukunishika, mimi ndiye niliyekuwa nimeushika. Aliko aliporudi na tochi, aliufungua mlango kwa kidole. Alisema hakupishana na mtu.

Nilifika nyumbani nimelowa, kidumu kitupu. Shangazi alikuwa jikoni, nguo zake kavu, anachagua mchele.

"Ulinifuata kwa Aliko?" nilimuuliza.

"Mimi? Na mvua hii?"

Asifiwe alianza homa usiku uleule. Kabla ya Jumapili tulikuwa makaburini. Reubeni alipata nafasi kwenye jeneza, upande wa miguu. Walipolishusha alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akatikisa kichwa, kidogo tu. Mama yake Asifiwe alikuwa akilia na kusema ndaga, ndaga, akimshukuru kila aliyemwaga udongo. Ningemwambia nini mama yule?

Wiki hiyohiyo wanawake waliokwenda shambani Bujonde walimkuta kijana kando ya njia. Nywele ndefu, kucha ndefu, viganja vimeota sugu. Mama yake Hebroni aliletwa, akamtambua kwa kovu la gotini. Wengine wanasema ni kichaa tu kutoka Malawi na mama wa watu kapofushwa na uchungu. Mchungaji aliomba, polisi walikuja, wakaondoka. Mwenyewe hasemi. Mimi na Nancy tulikwenda kumwona. Alitazama nyuma yetu, kama anayehesabu wenzetu, akaanza kutokwa na machozi.

Nilimpelekea mama ujumbe Ikombe, kwa mtu wa mtumbwi, kwamba nataka kurudi. Alijibu nisilete maneno, shangazi ndiye aliyehangaika na kakao yake nipate shule. Ziwa nalo lilikuwa limechafuka. Hakuna mtumbwi uliotoka Matema kwa siku nyingi.

Kwa hiyo nipo.

Jana tulikuwa tunakula. Shangazi alinitengea kambale mkubwa kuliko wake, kama anavyofanya siku zote. Ni mkarimu, sijawahi kupigwa katika nyumba hii. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Yule mwenzako marehemu," alisema, "alikuwa na adabu. Nilipobisha aliniitikia vizuri sana."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

Alininawisha maji, taratibu, akinishika kifundo cha mkono.

"Bado una marafiki wawili, sivyo? Yule binti, na yule kijana mwenye mabega. Waite Jumapili waje wale wali."

Akaweka birika chini. Akatulia, ananitazama, anasubiri niitike.