Pumzi Alizozikata Hilaire

Kwa kumbukumbu rasmi, ugomvi ulianza Jumanne saa nne asubuhi, kwenye meza ya magodoro katika soko kuu la Likasi, mbele ya mashahidi wasiopungua ishirini, wengi wao wakiwa na mdomo umejaa chakula. Kilichogombewa ni kipande cha sponji ngumu, mita mbili, cha mwisho mezani. Upande mmoja kilishikwa na Arielle, mtaalamu wa kunyoosha viungo, aliyevaa suruali ya michezo ya bluu na viatu vyeupe ambavyo vumbi la soko lilikuwa limeviheshimu kwa dakika tatu. Upande wa pili kilishikwa na Hilaire, mpiga video wa harusi, mwenye kizibao cha mifuko kumi na mmoja na viatu vilivyochongoka kiasi cha kufungua kopo la nyanya.

Arielle alieleza kwamba anafundisha mazoezi ya mwili na wanafunzi wanamngoja. Hilaire alieleza kwamba anataka kuziba ukuta wa chumba chake cha kazi, ili sauti za maharusi zisichanganyike na jogoo wa jirani. Kisha akauliza ni mazoezi gani hayo ya kulala juu ya sponji.

"Ile hata nkambo yangu anafanya," alisema, akimtaja bibi yake. "Anaiita usingizi."

"Nkambo yako iko na mugongo muzuri, njo maana. Weye unasimama sawa alama ya kuuliza."

Muuzaji, mama mwenye shughuli nyingine maishani, alichukua kisu, akakikata kipande katikati na kuwauzia wote wawili. Kila mmoja aliondoka na mita moja isiyomfaa kwa lolote, na chuki nzima.

Siku ya pili Hilaire alipiga simu. Namba alikuwa ameibembeleza kwa yule mama wa sponji. Alitaka, alisema, kununua nusu ya Arielle. Arielle akamjibu kwamba afadhali ailishe mbuzi. Walitukanana kwa dakika arobaini na saba, kwa ufasaha na bila kurudia tusi, na walipoishiwa hakuna aliyekata simu. Mjini Likasi hali hiyo huitwa mapenzi.

Mwezi wa pili wa mapenzi hayo Hilaire alikwisha kujua kila kitu kuhusu kazi ya Arielle, kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kutojua. Mazoezi yenyewe ni ya mzee Pilates, na yako thelathini na manne, yanayofanyika sakafuni kwa mpangilio mmoja. La kwanza hupasha mwili joto, la pili hufungua mgongo, na hivyo hivyo hadi la mwisho. Kila moja huliandalia mlango linalofuata. Siku hizi watu mtandaoni huyachanganya na dansi, mipira na kelele. Arielle aliyafundisha kama alivyoyapokea. Kila Jumamosi saa nne aliweka simu juu ya kigoda, na watu mia moja na kumi na wawili wakamfuata moja kwa moja kutoka Kolwezi, Lubumbashi, Ndola na Bruxelles.

Aliyapokea kwa Mama Josée. Mama Josée, mwenye umri wa miaka sabini na minane, alisomea kazi ya viungo kule Liège akiwa msichana, na huko akafundishwa na mcheza dansi mmoja mzee aliyekuwa mwanafunzi wa Pilates mwenyewe. Akarudi Likasi, akatumia miaka thelathini kunyoosha migongo ya wabeba mawe na wachimbaji. Hakuandika hata ukurasa. Yote thelathini na manne yalikaa mwilini mwake, pamoja na maneno yake ya Kiswahili kwa kila zoezi, na pumzi zake: hapa vuta, hapa nyamaza, hapa toa. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeharibika, na daktari alikuwa amepanga kulipasua Jumatano. Baada ya hapo, alisema daktari, Mama asahau kupiga magoti maisha yake yote.

Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa nafasi ya mwisho. Arielle alimwomba Hilaire alete kamera yake kubwa, akamwambia kwamba hajawahi kumwomba kitu chenye uzito kama hiki. Hilaire aliapa kwa mama yake.

Mama Josée alifunga kitenge kiunoni juu ya suruali, akavaa soksi nyeupe, akalala chini na kufanya yote kwa dakika hamsini na mbili, goti likimuuma hadi machozi, sauti ikiwa imetulia kama ya mtu anayesoma barua. Arielle alishika taa. Hilaire alipiga picha. Alipomaliza, Mama aliinuka kwa msaada wa watu wawili, akasema basi, imetoka.

Hapa lazima ieleweke jinsi filamu ya harusi inavyotengenezwa Likasi. Keki hutangulia, hata kama ililiwa mwisho, kwa sababu shangazi asipoiona keki katika dakika ya kwanza hujiona hakualikwa. Maneno marefu hufunikwa kwa muziki. Na kila mahali watu waliponyamaza hukatwa bila huruma, maana kimya ndani ya filamu ya harusi huonekana kama ugomvi wa familia mbili. Hilaire alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Akaketi siku mbili, hakulala vizuri, na kwa upendo mkubwa kabisa akamfanyia Mama Josée kile alichowafanyia maharusi mia tatu.

Zoezi la ishirini na mbili, lile la kuinua miguu na kifua hewani mpaka mwili ufanane na herufi V, lilikuwa zuri zaidi kwa macho. Akaliweka mwanzo. Kimya chote akakitoa. Chini ya picha akatandaza rumba, juu yake akanyunyiza mioyo myekundu. Dakika hamsini na mbili zikawa tisa. Alhamisi asubuhi, Mama Josée akiwa bado kitandani hospitalini na goti lililoshonwa, Hilaire aliipandisha kwenye ukurasa wa Arielle. Ilikuwa zawadi ya kushtukiza, na kwa hilo alifaulu.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Papa Banza, mwanafunzi mwaminifu, aliyevunja mawe Kakontwe kwa miaka ishirini na sita na ambaye mgongo wake ulikuwa kazi ya mikono ya Mama Josée. Ijumaa alfajiri aliweka simu mbele yake, akaifuata video kwa utiifu. Mwili ukiwa baridi, akainua miguu na kifua kwa pamoja. Kifua kilishuka, mgongo ulibaki ulipokuwa. Mkwe wake alimkuta saa moja baadaye, amelala chali, rumba ikiendelea. Alimpigia Arielle akimwuliza, kwa heshima yote, kama mpangilio umebadilishwa na nani amebadilisha.

Arielle aliitazama video mpaka mwisho. Kisha akampigia Hilaire.

"Chouchou," Hilaire alisema, "umeiona?"

"Ile yote ya mwanzo, ile ya muda murefu, iko wapi?"

"Ile? Niliifuta. Jana nilikuwa na harusi ya kwa komini, kwa ofisi ya serikali, kadi ya kamera ilikuwa imejaa."

Kulifuata kimya ambacho hata Hilaire hakuweza kukikata.

"Ulitosha pumuzi ya Mama, uliikata yote," Arielle alisema polepole. "Minye nilikuomba umulinde, weye ukamuuza sawa keki. Usinipigie tena."

Vita viliendeshwa kwa kufuata taratibu zote. Jumamosi Arielle aliwatangazia wanafunzi wake jina kamili la mhalifu, umri na mtaa anakoishi. Mwanamke mmoja wa Ndola akapendekeza afungwe. Mwingine wa Bruxelles akauliza kama bado ana mchumba. Hilaire alikwenda kwenye lango la Arielle akiwa amevaa suti ya kijivu. Lango halikufunguka, ila chaja yake ya simu iliruka juu ya ukuta na kumpata begani. Akaandika ujumbe wa kuomba msamaha, akajibiwa kwa picha ya Papa Banza amefungwa mkanda wa kiuno. Akatuma mwingine, akisema na yeye anaumia, na hakuna anayemwuliza. Akajibiwa kwamba ni kweli, hakuna. Hapo na yeye akakasirika, akamwambia kila mteja kwamba kule kuna mwanamke anayependa sakafu kuliko watu. Maneno hayo yalimfikia Arielle kabla ya jioni, yakiwa yameongezwa chumvi.

Wiki tatu zilipita hivyo. Ndipo Mama Josée, aliyerudi nyumbani na mguu ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda, akawaita wote wawili kwa wakati mmoja bila kumwambia mmoja kuhusu mwingine. Walipokutana sebuleni kwake kila mmoja aligeuka kutaka kutoka. Mama akagonga gongo lake sakafuni, wakakaa, kila mmoja kwenye kona yake.

Hakumgombeza Hilaire. Alimwuliza tu aliitazama mara ngapi kabla ya kuikata.

"Mara nyingi, Mama. Kila kipande pengine mara makumi ine."

"Ya kumi na moja. Nilisema nini?"

Hilaire alifumba macho. "Ulisema: panua miguu, kaa murefu, sawa muntu anakuvuta nywele. Ukanyamaza. Ukavuta pumuzi mara moja, kidogo ikakwama, juu ya goti kukuuma. Halafu: geuka, kata kidole kidogo cha muguu sawa musumeno, toa hewa yote, hata ile ya jana."

Mama akamwuliza la tatu, la kumi na tisa, la thelathini. Hakukosa neno wala kimya. Arielle, aliyekuwa amekusudia kutomtazama, alimtazama. Yeye mwenyewe hakukumbuka hata nusu. Siku ile macho yake yalikuwa kwenye taa. Lakini mtu aliyezikata pumzi mia mbili moja moja kwa mkono wake anajua kila moja ilikuwa wapi.

"Mwili wangu umekwenda," Mama Josée alisema. "Sauti iko. Kichwa, nusu, nusu ingine iko kwa huyu mubaya. Jumamosi nitakaa kwa kiti, nitasema. Nikisahau, atanikumbusha. Na atafanya yeye mwenyewe, yote."

Arielle alisema mwili wa Hilaire haufai kuonyeshwa kwa watu. Mama akajibu kwamba ndiyo sababu.

Jumamosi saa nne waliofuata mtandaoni walikuwa mia nne na sita, maana habari ya adhabu ilikuwa imetembea. Hilaire alilala chini na fulana ya njano. Mama Josée alihesabu kutoka kitini, Arielle alimsahihisha kwa mikono isiyo na upole wowote, na simu tatu zilirekodi bila muziki. La kwanza lilimtoa jasho. La tano lilimbingirisha hadi chini ya meza. Mara saba Mama alisahau, na mara saba Hilaire, akihema, akamrudishia maneno yake mwenyewe pamoja na mahali pa kunyamaza. Arielle alianza kumgusa begani badala ya kumsukuma, lakini uso wake haukuarifiwa.

Katika la ishirini na mbili, miguu hewani, kifua hewani, mwili wote ukitetemeka kama karatasi kwenye feni, Hilaire alisema:

"Arielle. Nataka nikuoe."

"Miguu inashuka."

"Nauliza kweli."

"Utauliza kisha ya makumi tatu na ine," Arielle alisema. "Haturuki hata moja."

Yalibaki kumi na mawili. Aliyafanya vibaya, kwa mpangilio. Baada ya la mwisho alilala kifudifudi, akauliza tena, akiliuliza zaidi zulia. Mama Josée alitazama dirishani kwa adabu.

"Ndiyo," Arielle alisema. "Lakini kasirani iko bado."

"Itaisha siku gani?"

"Nitakujulisha."

Mioyo myekundu ilipanda kwenye skrini, safari hii bila kazi ya Hilaire. Katikati yake ukaja ujumbe wa Papa Banza: pongezi kwa wachumba, ila mtandao ulimkatikia kwenye la tisa, kama wanaweza kulirudia, tafadhali.

Arielle alimtazama mchumba wake wa dakika moja.

"Lala chini," alisema. "Tunaanza na ya kwanza."