Vitambaa Nyuma ya Magunia

Jemutai, mke wa mwanangu Kiplimo, alijifungua msichana hospitalini. Walirudi nyumbani Kuresoi salama, tukamshukuru Mungu. Ilikuwa wakati wa kuvuna viazi. Wanaume wa lori waliokuja kupakia viazi walijaa hapo nje.

"Mama, hivi vitambaa vya damu nianike wapi?" Jemutai aliniuliza.

"Si hapo nje! Unataka wanaume waone? Weka stoo, nyuma ya magunia."

Ni mimi mwenyewe niliyesema hivyo.

Siku ya sita alianza kutetemeka. Nikamfunika blanketi mbili.

"Ni baridi ya huku tu," nikasema. "Na maziwa yanaingia."

Nikampikia uji, hakuonja. Mtoto alilia, yeye hakugeuka.

Kesho yake Chelagat, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kuwaona. Alinawa mikono, akamgusa Jemutai, akaruka.

"Mama Kiplimo, huyu anachomeka! Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana! Jemutai, tumbo la chini linauma?"

"Sana. Na damu inanuka. Niliona aibu kusema."

"Vitambaa unaanika wapi?"

Nilimpeleka stoo. Vilikuwa bado na unyevu, vimeshika vumbi la viazi. Juu yake kulikuwa na mavi ya panya.

"Mama akishazaa, ndani ni kidonda," Chelagat alisema. "Uchafu huu unaingia hapo. Joto mwilini na harufu mbaya si baridi. Ni ugonjwa, unaua!" Akamwita mwanangu aliyekuwa nje: "Kiplimo, tafuta gari!"

"Kuna lori tu, na halijajaa," dereva wa lori la viazi akanung'unika.

"Litajaa baadaye, huyu akiwa hai. Washa!" Chelagat akamwambia.

Jemutai alilazwa hospitalini siku tano, akidungwa dawa. Muuguzi aliniambia, "Mngengoja hadi kesho, mngekuja kuchukua maiti." Nilisikia hayo nikiwa nimebeba mjukuu.

Siku aliyorudi nilifunga kamba katikati ya uwanja, penye jua kali. Nilivifua vitambaa kwa sabuni, nikavianika mpaka vikakauka kabisa. Jemutai alibadilisha mara kwa mara, na kila mara alinawa mikono kwa sabuni, kabla na baada.

Wanaume wa lori walikuja tena. Mmoja akacheka.

"Mathe, hizi bendera ni za nini?"

"Ni za yule unayemsikia akimwimbia mtoto huko ndani," nikamwambia. "Sogea, unazuia jua."