Homa Iliyokuja Ghafla

Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka kijijini Nyololo. Kila asubuhi Sabina aliwasha moto na kufunga madirisha yote ili joto lisitoke. Ndani humo walikaa wote: mumewe Sifaeli, binti yao Eveline wa darasa la kwanza, na mama mkwe wake, Bibi Apolonia.

Sifaeli, mpasua mbao, ndiye aliyetangulia kuugua. Koo lilikwaruza, kisha pua ikaanza kutiririka. Homa kali hakuwa nayo. Aliendelea na kazi, na baada ya siku chache akapona.

Kwa hiyo Bibi Apolonia alipougua, Sabina hakushtuka. Asubuhi ya siku hiyo bibi alikuwa akichambua maharage vizuri. Lakini mchana alikuwa amejikunja chini ya blanketi, meno yakigongana.

"Mwanangu, mifupa yote inauma," alisema. "Hata macho."

"Ni mafua tu, mama. Sifaeli naye yalimshika."

Sabina akampa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwenye kabati. Baadaye homa ilishuka, bibi akaomba uji. Wakashukuru Mungu.

Kisha homa ikarudi, kali kuliko mwanzo. Bibi alihema haraka haraka. Alianza kumwita Sabina kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Midomo yake ilipogeuka ya bluu, Sifaeli alikodi gari. Kwenye kituo cha afya waliambiwa ni nimonia, na imeshaenea mapafu yote. Bibi hakurudi nyumbani akiwa hai.

Matanga hayajaisha, Eveline naye akachemka mwili. Alitapika uji wote. Alipoambiwa asimame, alilia.

"Miguu, mama. Hapa nyuma," alisema, akishika mashavu ya miguu.

Sabina hakusubiri. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati.

"Kamwene, mama Eveline. Pole sana na msiba," alisema nesi Blandina. Alimpima mtoto homa, akahesabu pumzi zake, akampima malaria. Malaria haikuwepo.

"Ni mafua kama ya baba yake?" Sabina aliuliza.

"Mafua huja polepole, na pua ndiyo inayosumbua. Hii naona ni influenza. Yenyewe inamwangusha mtu ghafla: homa, baridi, mwili kuuma, kikohozi kikavu, nguvu kuisha."

"Ndiyo iliyomchukua mama?"

"Inawezekana. Ina aina kadhaa. A mara nyingi ndiyo inayoleta milipuko mikubwa. B huwapata sana watoto, na wengine hutapika au kuumwa miguu kama huyu. C kwa kawaida ni nyepesi, utadhani mafua. Lakini A na B zinafanana, na zote zinaweza kuua. Kwa macho siwezi kuzitofautisha, mpaka kipimo cha maabara. Wewe angalia pumzi."

"Niangalie vipi?"

"Akihema haraka, kifua kikibonyea, midomo ikibadilika rangi, akikataa kunywa, akizubaa, mkojo ukiwa mweusi, au homa ikirudi baada ya kupungua, mlete hapo hapo. Mpe vinywaji. Dawa ya homa ni hii, kwa kipimo ninachokuonyesha. Aspirini usimpe, ni hatari kwa mtoto mwenye ugonjwa huu."

Sabina alitazama chini. "Na vile vidonge vya rangi mbili nilivyompa mama?"

"Vile vinaua bakteria. Influenza ni virusi, haviiwezi."

"Ningemleta mapema, angepona?"

"Sijui, mama Eveline. Angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Wazee, wajawazito na watoto wadogo wasisubirishwe nyumbani."

Sabina alilia pale pale kwenye benchi, na nesi hakumharakisha.

Nyumbani alifungua madirisha ili hewa ipite. Eveline alilala peke yake, akafundishwa kukohoa kwenye kiwiko. Wote walinawa mikono kwa sabuni. Sabina alikaa karibu naye, akitazama kifua kikipanda na kushuka. Homa ikapungua, haikurudi. Siku moja mtoto alitembea mwenyewe mpaka uani.

Wiki hiyo hiyo jirani yao Esnath, mjamzito, alikuja kuomba moto. Alikuwa anatetemeka.

"Ni mafua tu," alisema.

"Yalianza polepole?"

"Hapana. Nimeamka mzima. Mara mwili wote ukaanza kuuma."

Sabina alimfunika kitenge chake mabegani.

"Twende zahanati sasa hivi," alisema. "Tutatembea taratibu."

Walifika mapema. Esnath alitibiwa akiwa bado anapumua vizuri, akapona, na mimba yake ikabaki salama.