Mkanda Haukukatika

Pikapu nyeupe ilikuwa bado nyuma yake.

Nyigu aliiona kwenye kioo cha kushoto. Hilux, taa zimewaka mchana kweupe, haimpiti wala haibaki. Akaongeza mafuta, Suzuki ikanguruma. Pikapu nayo ikaongeza.

"Nyigu, unanipata?" Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye spika ndogo ndani ya helmeti.

"Nakupata, Mkuu."

"Kizuizi cha mpakani?"

"Nimepita. Hata hawakunigusa. Nani atampekua mtalii wa kike aliyejaa vumbi?"

"Kifurushi?"

"Kimo. Begi la kulia."

Hakuhitaji kufungua ili ajue. Anayesafiri peke yake kwa pikipiki huijua mizigo yake kama mama anavyomjua mtoto wa mgongoni. Alikuwa amepanga vizito chini, vyepesi juu, kulia na kushoto sawasawa. Sasa kila kona chombo kilimvuta kulia.

Kulikuwa na viwashio vya mabomu mle ndani. Watu wa ng'ambo walivisubiri walipue bwawa la umeme. Aliyevitia ni mwenye nyumba ya wageni alikolala, mzee mcheshi ambaye wasafiri walimpachika jina la Mkarimu. Nyigu akiwa anakunywa chai, Mkarimu alimbebea mabegi mpaka nje na kumsaidia kufunga. Paka kumfungia panya mzigo.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mzigo wa pikipiki ukishatikiswa barabarani hujikalia, mikanda ikalegea. Msafiri mwenye akili husimama baada ya mwendo mfupi akaikaza upya. Na baada ya kizuizi, pa kusimama ni mahali pamoja tu, uwanja wa changarawe kando ya barabara. Mkarimu hutokea hapo kana kwamba ni kwa bahati, akasaidia kukaza, akachukua chake. Mtalii huendelea na safari akimshukuru.

Kaka yake Nyigu hakuendelea.

Naye alikuwa jasusi. Walimkuta kwenye changarawe, amelala kando ya pikipiki yake. Ofisi ikasema mkanda wa mzigo ulikatika, ukaingia kwenye gurudumu la nyuma, akarushwa. Ajali. Faili likafungwa.

Mkanda ule aliushona mama yao.

Mama alikuwa fundi wa viti vya pikipiki, na mikanda ya mizigo ya wanawe hakuwaachia watu wa dukani. Tangu alipoambiwa umekatika, hakukalia tena cherehani. Alishinda mlangoni akiitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyemuua mwanangu," alisema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Nyigu alikuwa ameuona mkanda ule mezani kwa Mkuu. Mkanda ukikatika kwa kuvutwa hutoa nyuzi. Ule ncha yake ilikuwa imenyooka, kazi ya kisu. Alimwambia mama. Mama akajibu, "Unanibembeleza tu." Alimwambia Mkuu. Mkuu akajibu, "Niletee ushahidi, usiniletee uchungu."

Basi leo angemletea vyote viwili.

"Nyigu, sikia. Namtaka hai."

Nyigu akapunguza mwendo.

Akaingia kwenye changarawe. Akateremsha stendi, akalegeza mkanda wa kulia. Hilux ikasimama nyuma yake, Mkarimu akashuka peke yake, meno yote nje.

"Binti yangu! Nilijua nitakukuta. Mzigo umelala, eh?"

"Umelala, mzee. Nahangaika hapa peke yangu."

"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wewe shika hapa kwa mikono miwili, inama kidogo. Mimi nivute upande wa huku."

Mikono miwili. Inama.

Mzee alikuwa ameshamshuku yeye pia. Ndivyo alivyokufa kaka. Mikono imejaa, mgongo uko wazi, pengine anasema asante. Hasira ilimpanda Nyigu mpaka meno yakamuuma.

Akainama. Lakini jicho lilikuwa kwenye kioo, na kiganjani alikuwa amekunja kitanzi cha mkanda.

Spana ya magurudumu ikapanda kiooni.

Nyigu akakwepa. Spana ikatua kwenye kiti. Kabla Mkarimu hajaiinua tena, kitanzi kilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Nyigu akavuta. Bizimu ya mkanda ikauma, mkono ukabanwa kwenye keria. Mkono wa pili ulikimbilia kisu kiunoni ukakutana na mdomo wa Glock.

"Weka mkono huo kando ya mwenzake, mzee."

Mkanda wa pili ukafanya kazi yake. Nyigu akamshika mabega, akamtikisa. Pikipiki nzima ikatikisika naye.

Amefungwa sawasawa.

Akavua helmeti, akaining'iniza kwenye kioo ili Mkuu asikie. Akapanda, akawasha injini, akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza.

"Nikiachia klachi, wewe unafuata kwa magoti. Viwashio ni vya nani?"

"Fundi mgeni! Yuko karakana ya mitambo, pale bwawani! Kofia ya njano!"

"Tumekusikia," ikasema helmeti. Punde ikarudi. "Watu wetu bwawani wamempata. Nyigu, zima injini."

"Lile lilikuwa swali la kazi, Mkuu. Bado la nyumbani."

"Nyigu! Namtaka hai!"

Akatoa simu, akapiga, akafungua sauti.

"Mama, kuna mtu ana neno na wewe." Akamgeukia Mkarimu. Klachi akailegeza kidogo tu. Gurudumu likatambaa, Mkarimu akapiga yowe.

"Nitasema! Mama, mkanda haukukatika. Nilimpiga kwa spana. Nikaukata mimi, ionekane ajali."



"Uzi wangu ulishika?" mama akauliza.

"Ulishika. Ilibidi... ilibidi niukate mara mbili."

Mama akalia. Hakuwa amelia hata siku ya mazishi. Alilia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, na Nyigu naye machozi yakamtoka, bastola mkononi. Alitamani kuiachia klachi kuliko kitu chochote duniani.

"Mwanangu," mama akasema mwishowe, "huyo umemfunga kwa kitu gani?"

"Kwa mikanda yako, Mama."

"Basi hatoki. Zima hiyo pikipiki. Mimi namtaka aishi, tena aishi sana, aone siku za kifungoni zilivyo ndefu."

Nyigu akazima.

"Nimerekodi yote," ikasema helmeti kwa sauti ya chini. "Faili la kaka yako nalifungua leo. Na mama nitamfuata mwenyewe, nimwombe radhi."

"Nenda na kofia mkononi, Mkuu."

Gari la ofisi likafika kwa vumbi. Nyigu akawakabidhi wenzake kifurushi, akamwacha Mkarimu, mzigo wake mpya, kwenye keria akiomba maji, akaelekea kwenye Hilux. Funguo zilikuwa zinaning'inia.

"Dada!" mmoja akaita, akichomoa kisu. "Tumkatie hii mikanda?"

Nyigu akageuka.

"Fungueni bizimu, polepole. Mkanda wa mama yangu haukatwi tena."

Akawasha gari, akashusha kioo, akaondoka kwenda nyumbani.