Farasi wa Kengele

Farasi aliteleza mahali ambapo hata mbuzi angefikiria kwanza. Miguu yake ya nyuma ilitoka nje ya njia, akakaa kitako kama mbwa, kisha akaporomoka, na Sinforoso Leiva aliyekuwa mgongoni mwake akaporomoka naye. Walibiringika pamoja kwenye mteremko wa mawe na theluji mpaka mwamba ukawazuia. Kengele iliyokuwa shingoni mwa farasi ililia njia nzima, halafu ikanyamaza.

Baudilio Cuello, aliyekuwa nyuma ya nyumbu wake watano, hakupiga kelele. Alishuka kwa visigino na makalio, upepo ukimsukuma ubavuni. Alimkuta shemeji yake yu hai, mguu wa kushoto umebanwa chini ya farasi. Farasi mwenyewe alikuwa amevunjika miguu yote ya mbele, na alikuwa akijaribu kusimama.

"Uko?" Baudilio aliuliza.

"Niko. Nitoe kwanza, shemeji, matusi baadaye."

"Matusi hayaozi, yatasubiri."

Alimshika farasi masikio, akampiga kisu cha koo mara moja, akaangalia pembeni mpaka mateke yakaisha. Alikuwa na farasi huyo tangu hajaoa. Alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, na hilo alilisema hata mbele ya ndugu wenyewe. Kisha akachimba theluji na kokoto kwa mikono, akamvuta Sinforoso kwa makwapa.

Kwetu Rodeo, chini ya milima hii, hakuna asiyejua kwa nini kundi huwa na farasi. Nyumbu wetu baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Amechukua kimo na nguvu za mama, na kutoka kwa baba amechukua masikio, kwato ndogo ngumu, na akili ya kutokubali kila anachoambiwa. Ila hazai. Dume kwa jike, ukoo unaishia kwake. Labda ndiyo sababu haachi kuwa mtoto: mpe farasi jike wa kumfuata, atamfuata mpaka uzeeni. Kwa hiyo mwendesha nyumbu huchagua farasi jike mtulivu, humvika kengele, na kundi zima huenda inakolia kengele bila kamba wala kiboko. Na katika kundi la Baudilio farasi huyo hakubebeshwa hata blanketi, sembuse mtu.

Sinforoso aliijua sheria hiyo. Lakini alikuwa mtu wa tambarare, kule ambako watu hupanda farasi hata kwenda kisimani, na alikuja kwetu kwa kumwoa Rosenda, dada yake Baudilio. Tangu walipoondoka nyumbani alikuwa akinung'unika kwamba hataingia Chile juu ya mtoto wa punda, watu wakamcheka. Asubuhi hiyo, walipokwisha kuvuka kilele na kuanza kuteremka upande wa Chile, upepo mweupe ukawakuta. Theluji ilianza kuja ubavuni badala ya kutoka juu, na Baudilio hakuona tena mbele ya kundi. Huko mbele, Sinforoso alijirusha mgongoni mwa farasi wa kengele. Mimi nasema ni kiburi. Yeye mpaka leo husema ni uchovu.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Mfupa haukutoka nje, lakini kiatu kilikuwa kimejaa damu. Baudilio alivunja vijiti vya tandiko la mizigo, akavifanya banzi, akakaza kwa mkanda wake mwenyewe.

"Unaumiza."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," Baudilio alijibu. "Vidole unavisikia?"

"Kidogo."

"Ukiacha kuvisikia niambie. Usinifanyie uanaume hapa."

Juu njiani nyumbu walikuwa wamesimama wote watano, masikio yameelekea chini kwa farasi aliyekufa. Baudilio alimpandisha shemeji yake kwa kumvuta juu ya poncho, blanketi lake la kuvaa, akampakia kwenye nyumbu aliyemwamini kuliko wote, jike mdogo wa kijivu aliyeitwa Tacaña, maana yake bahili. Alipewa jina hilo kwa sababu ya kula na kunywa kwake. Farasi ukimwachia gunia la shayiri atakula mpaka tumbo limuue. Tacaña alikula kiasi chake, akainua kichwa, basi. Baudilio alimvuta hatamu. Hakutoka. Aliwasukuma wengine, hawakutoka.

Ikabidi ashuke tena, afungue kengele shingoni mwa farasi. Alipopanda akiitikisa mkononi, masikio kumi yaligeuka kwa pamoja. Akatangulia kwa miguu, na wanyama wakamfuata kama walivyomfuata farasi.

Walikwenda hivyo muda mrefu. Sinforoso alikuwa amefunikwa mablanketi yote ya matandiko, yanayonuka jasho, na amefungwa kwa kamba asianguke. Mbele Baudilio alipapasa kwa fimbo, akipiga kengele, akijua kwamba upepo ukimpiga shavu la kulia basi anateremka magharibi. Alijua hivyo mpaka fimbo yake ilipogusa kitu laini. Alifagia theluji kwa buti. Chini yake theluji ilikuwa nyekundu. Walikuwa wamerudi juu ya mteremko uleule, pale alipokuwa amemburuta shemeji yake.

Baudilio alikaa chini. Aliogopa sasa, woga wa kweli, ule unaokausha mate.

"Tumefika?" Sinforoso aliuliza kutoka ndani ya mablanketi.

"Tumefika kwa farasi wako."

Kisha Sinforoso akasema, "Si mnasema nyumbu anajua njia? Hodari wako wametuzungusha kama watoto."

"Hawakutuzungusha wao. Nimewazungusha mimi. Upepo umehama na mimi nimeufuata, na wao wamefuata kengele. Nyumbu akisikia kengele haulizi swali."

"Basi mvike Tacaña kengele, atangulie."

Wazo hilo halikuwa la kijinga, na Baudilio alilijaribu. Alimfunga Tacaña kengele shingoni. Tacaña alipiga hatua moja, kengele ikalia, akasimama akageuza kichwa kumtafuta farasi. Hatua nyingine, ikalia, akageuka upande wa pili. Wale wanne nyuma yake walifanya vilevile. Ingeendelea hivyo mpaka usiku.

"Vidole?" Baudilio aliuliza.

"Viko wapi? Sijui habari zake."

Hapo ndipo Baudilio alipolazimika kupima. Nyumbu akiachwa bila kengele hukumbuka alikozaliwa, akaenda huko. Wanne wake walikuwa wamezaliwa Rodeo. Wangegeuka mashariki, wapande tena kilele ambacho sasa kilikuwa kinazibwa. Sinforoso asingefika nusu ya njia hiyo. Lakini Tacaña alikuwa wa Chile. Baudilio alimnunua akiwa mchanga kwa mjane mmoja, Doña Melania Tapia, ambaye zizi lake lilikuwa bondeni chini ya mteremko huuhuu, mahali ambapo siku ya jua mtu huona moshi wake. Kengele ikinyamaza, Tacaña angeweza kwenda huko. Na kengele ikinyamaza, wale wanne wangekwenda zao. Zaidi ya hao Baudilio hakuwa na shamba, hakuwa na duka, hakuwa na chochote.

Alimweleza shemeji yake kwa maneno machache.

"Tubaki na kengele," Sinforoso alisema. "Upepo utatulia. Wanyama wako watakufa kule juu."

"Labda. Na wewe utakufa hapa, na hiyo si labda."

"Baudilio, mimi ndiye niliyempanda farasi."

"Najua nani alimpanda. Nyamaza, unapoteza joto."

Alikata kamba za mizigo yote. Magunia ya zabibu kavu na makasha ya sabuni yaliangukia kwenye theluji. Wanyama wepesi wangekuwa na nafasi. Alimpapasa kila mmoja paji la uso, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaijaza kengele theluji mpaka ulimi wake ukashikwa, akashuka nayo, akaisukuma chini ya shingo ya farasi aliyekufa.

Nyumbu walizungukazunguka. Waliinua pua. Kisha dume mzee, Zaino, akageuka mashariki, na mwingine akamfuata, na wengine wawili. Baudilio aliwatazama mpaka weupe ukawafuta. Tacaña alilia, sauti ile inayoanza kama ya farasi na kuishia kama ya punda, ikiwa haijaamua ni ya nani. Hakuna aliyemjibu.

Baudilio alimfunga hatamu juu ya tandiko, zikalegea, akaenda nyuma akamshika mkia. "Haya, bibi. Nenda unakotaka."

Tacaña hakwenda popote.

"Mchape," Sinforoso alisema, meno yakigongana.

"Hapana."

"Shemeji, nakufa kwa adabu zako."

"Nikimchapa ataenda ninakotaka mimi. Na mimi sijui ninakotaka."

Walisimama. Theluji ilijaa ndani ya kola ya Baudilio. Hatimaye mnyama alishusha kichwa, akanusa ardhi, akatembea. Hakuteremka. Alikata kushoto, akapanda, na Baudilio aliukaza mkono kwenye mkia kwa sababu mwili wake wote ulimwambia amrudishe. Hakumrudisha. Chini yao, mahali ambapo yeye angepita, palisikika mngurumo mzito wa theluji ikiporomoka, ukadumu, ukaisha.

Tacaña alitembea kama mtu anayekwenda chooni gizani nyumbani kwake: polepole, bila kubabaika. Kila kwato ilijaribu kabla ya kukanyaga, na ya nyuma iliingia palepale ilipotoka ya mbele. Akishuku mahali, alisimama, na wao wakasimama. Baudilio aliponda theluji ndani ya kikombe cha bati, akakiweka kifuani chini ya poncho mpaka ikayeyuka, akachanganya na unga wa nafaka iliyokaangwa, akamnywesha shemeji yake.

"Kwa nini nisile theluji tu?"

"Itakupoza tumbo. Kunywa."

"Kwetu tambarare, farasi angekuwa ameshatufikisha."

"Kwenu tambarare hakuna pa kuanguka."

Sinforoso alicheka, au alikohoa. "Asante ya punda ni mateke, na huyu ni nusu punda."

"Basi atakupiga nusu teke. Endelea kusema. Sema upuuzi wowote."

Sinforoso akasema upuuzi. Alisimulia mbio za farasi, sahani za Rosenda alizovunja, jinsi alivyomwogopa Baudilio siku ya posa akajificha kwenye tanuri la mikate. Sauti ilizidi kuwa nyembamba. Baudilio alijibu kila neno hata alipokuwa haelewi tena. Moyoni alikuwa anaomba, yeye ambaye kanisani husimama mlangoni.

Jioni ilikuwa inaingia walipotoka chini ya wingu. Waliona ukuta wa mawe, mbwa akaja akibweka, na mwanamke akatoka na koleo mkononi akidhani ni wezi wa mifugo.

"Doña Melania!" Baudilio aliita. "Nina mgonjwa!"

Lakini Tacaña hakusimama mlangoni. Aliupita mlango, akampita mwanamke, akalipita banda lenye moto, akaingia moja kwa moja zizini, Sinforoso bado amefungwa juu yake kama gunia. Huko alisimama farasi jike mzee, mweupe, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Tacaña aliingiza pua chini ya tumbo la farasi, mahali pa maziwa ambayo yalikuwa yamekauka miaka mingi. Farasi yule kipofu alimnusa mgongo, akamnusa na Sinforoso, akaendelea kutafuna.

"Ni mama yake," Doña Melania alisema. Aliangusha koleo, wakakata kamba kwa kisu.

Daktari wa mji wa chini alimkata Sinforoso mguu juu kidogo ya banzi, na akapona. Siku hizi hutembea kwa mkongojo, na akisafiri hupanda nyumbu, na anayemcheka hupigwa mkongojo. Watu wa Rodeo wakisema Tacaña aliwaokoa, yeye hukasirika. "Hakutuokoa," husema. "Alikuwa anakwenda kwa mama yake. Sisi tulijishikiza tu." Husema hivyo kwa unyenyekevu, na unyenyekevu hakuwa nao alipokuja kwetu.

Baudilio na shemeji yake waliporudi Rodeo kwa njia ndefu ya kuzunguka milima, Tacaña akiachwa kwa mjane, walikuta nyumbu wawili wamekwisha kufika, mbavu nje, mmoja hana ncha za masikio. Wawili wengine, Zaino mmojawao, theluji iliwaachia Oktoba, baridi ilipokwisha na njia ya juu ikafunguka, karibu na kilele, wamelala vichwa vimeelekea nyumbani. Baudilio alipita hapo akiwa peke yake akienda kumchukua Tacaña. Alikaa nao asubuhi nzima na alilia. Aliniambia mwenyewe, na hakuona haya.

Zizini kwa Doña Melania alimkuta Tacaña amesimama ubavuni mwa farasi kipofu, upande unakotoka upepo. Mjane alisema tangu siku ile hajasogea zaidi ya hapo, na kwamba hula nusu, kisha humsukumia mama yake shayiri iliyobaki kwa pua.

Baudilio alikuwa amebeba hatamu mpya begani. Alimtazama nyumbu kwa muda.

"Farasi mzee huyu atafika majira ya baridi?" aliuliza.

"Atafika. Hatayamaliza."

"Basi nitakuja yatakapokwisha."

"Na sasa utarudi na nini? Njia ni ndefu, na wewe si kijana."

"Nina miguu miwili," Baudilio alisema. Akaitundika hatamu kwenye mti wa zizi, akanywa chai ya majani ya mate aliyokaribishwa, akaanza kupanda mlima.